Mfunjo-mwavuli: namna ya kuuotesha Mombasa kwa maji yanayopotea bure

Jirani yangu wa ghorofa ya juu ana AC mbili, na vijibomba vyake viwili vinadondoka kwenye ua wangu mchana kutwa. Tuligombana kwa adabu kwa muda mrefu: mimi nasema ukuta wangu waota kuvu, yeye asema fundi atakuja kesho. Siku hizi hatugombani tena. Chini ya kila kijibomba nimeweka ndoo ya rangi ya lita 20, na ndani ya kila ndoo pana mmea unaonifika kifuani, mashina membamba ya kijani yaliyosimama wima, kila moja limefungua majani juu yake kama mwavuli. Huyo fundi akija leo, nitamwomba aende zake.

Mimea mingi ya ndoo tunayoiua sisi wenyewe, tunaiua kwa maji mengi. Huu ni kinyume. Unapenda miguu yake iwe majini, na vitu viwili tu ndivyo vinavyoumaliza upesi: kukosa maji, na chumvi. Ukilielewa hilo, hatua nyingine zote zinafuata zenyewe.

Kwanza, ujue ulichonacho

Mimi niliuziwa wa kwanza kando ya barabara kwa jina la papirasi. Si papirasi. Papirasi, yaani mafunjo yale ya Misri na ya kandokando ya maziwa, hufika hata mita nne, na kichwa chake ni nyuzi nyembamba kama nywele. Huu ni mdogo wake; hauzidi sana mita moja na nusu, na kichwa chake ni majani bapa kama ishirini hivi yaliyopangika duara. Nitauita mfunjo-mwavuli, maana ndivyo ulivyo.

Kwa hakika ni ndugu wawili wanaofanana. Mmoja ni Cyperus alternifolius, kwao Bukini, ambayo siku hizi twaiita Madagaska, pamoja na visiwa vya Réunion na Mauritius. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuorodhesha mwaka 1767. Wa pili ni Cyperus involucratus, wa bara letu hili la Afrika, uliopewa jina na Rottbøll wa Denmark mwaka 1772. Wauza miche hawawatenganishi, na wapo wataalamu wanaowahesabu kuwa aina moja. Usipoteze usingizi kwa hilo, utunzaji wao ni mmoja.

Shangazi yangu alipouona mara ya kwanza aliinama, akalisugua shina kwa vidole, akaniangalia. "Mwanangu, ndago tumezing'oa miaka yote hii, wewe wazileta nyumbani kwa ndoo?" Hakukosea. Ndago na mfunjo ni ukoo mmoja, na ukilisokota shina la ndago kati ya vidole utazihisi pembe tatu. Kwenye mfunjo-mwavuli pembe hizo zimelainika, shina karibu ni la mviringo, lakini damu ni ile ile. Tofauti kubwa ni kwamba huu hauna zile kokwa chungu nzima ambazo ndago huzificha ardhini zikachipua tena kila unapodhani umemaliza.

Kata shina moja ulitazame. Nyasi na mianzi huwa na vifundo, na ndani mara nyingi pana uwazi. Hili halina kifundo hata kimoja kutoka chini hadi juu, na ndani limejaa kitu cheupe laini kama sponji. Sponji hiyo ndiyo siri yake: ina vijitundu vya hewa, na hewa hushuka humo hadi mizizini. Mpilipili ukikaa majini siku tatu mizizi hukosa pumzi ikaoza. Mfunjo wapumua kwa bomba lake mwenyewe.

Hatua ya 1: omba kichwa, usinunue mche

Ukiona mmea huu kwa mtu, uani, hotelini au kwenye kidimbwi cha mapambo, omba kichwa kimoja au viwili. Hakuna atakayekunyima, maana mashina mazee hukatwa na kutupwa. Chagua shina lililokomaa ambalo bado ni kijani. Likiwa limeanza manjano umechelewa; likiwa changa na majani yake bado yameelekea juu kama mwavuli uliofungwa, umewahi mno.

Likate shina kiasi cha sentimita tano chini ya kichwa. Halafu chukua mkasi uyapunguze yale majani ya duara, yabaki urefu wa sentimita tatu au nne. Kitakachobaki mkononi hakipendezi, kama mwavuli uliopigwa na kusi kule Likoni feri. Usiyaonee huruma. Majani marefu hupoteza maji kabla mizizi haijawa tayari kuyaleta.

Hatua ya 2: kiweke kichwa chini miguu juu

Hapa ndipo watu hucheka. Chukua glasi pana au kopo la jamu, tia maji, kisha kipindue kichwa: majani yaingie majini, kishina kitazame juu. Macho ya kuchipua yamo katikati, pale majani yanapokutana na shina, na ukikipindua macho hayo huzama. Mmea ulivyo mwituni hufanya hivyo wenyewe. Shina huzeeka, hulala, kichwa hugusa maji ya kandoni, na mmea mpya huota hapo hapo.

Weka glasi penye mwanga usio na jua kali. Dirisha la jikoni linafaa. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, na usiruke hata kama waona maji bado ni masafi. Sababu nitaieleza mbele, nayo si ya mmea bali ya mbu.

Baada ya siku kumi hivi utaona nyuzi nyeupe katikati. Kufikia wiki ya tatu, vijani vyembamba vya kijani vilivyochongoka vitakuwa vimepanda kupitia katikati ya yale majani yaliyokatwa. Miezi ya kusi, Juni na Julai, mambo huenda polepole kidogo. Mimi huweka vichwa vitano nikitarajia vitatu. Kikigeuka cheusi na kunuka, kitoe mara moja kabla hakijawaharibia wenzake.

Hatua ya 3: ndoo, udongo na mchanga wa mahali panapofaa

Vijani vikifika urefu wa kidole, hamisha. Ndoo ya rangi ya lita 20 iliyosuguliwa vizuri yatosha mwaka mzima. Usiitoboe chini. Ukitaka tundu, litoboe ubavuni, sentimita kama nane chini ya mdomo, ili mvua kubwa ikija maji ya ziada yatoke hapo.

Udongo ni shida yetu ya kila siku. Kisiwa hiki na pwani yote hii imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Ukichimba kidogo tu jembe lalia. Bamburi, mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo, alipoanza kupanda mivinje kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, hapakuwa na udongo kabisa, na ilibidi udongo utengenezwe pole pole kwa majani ya mivinje na tumbo la jongoo. Wewe una ndoo, huna haja ya kungoja jongoo. Changanya makopo mawili ya udongo mwekundu na kopo moja la mchanga wa kujengea, na uwe na kopo moja la samadi kuukuu isiyonuka kando. Samadi ikae chini kabisa, udongo juu yake.

Mchanga wa ufuoni usiuguse. Najua uko karibu na ni wa bure, tena mweupe wapendeza. Una chumvi, na sehemu kubwa yake ni makombe na matumbawe yaliyosagika. Hata mchanga wa kujengea, kama hukuona ulikotoka, usuuze mara tatu kwa maji matamu.

Kichwa cha zamani usikibandue. Kizike pamoja na mizizi yake, kikiwa kimepinduliwa vile vile, hadi chini ya vile vijani vipya pafunikwe na udongo. Mwagia maji mpaka udongo uwe tope, kisha ongeza mpaka maji yasimame sentimita mbili juu yake.

Hatua ya 4: mbu, kabla ya kitu kingine chochote

Sasa una ndoo ya maji yaliyotuama uani kwako, na hapa Mombasa hilo si jambo la mzaha. Tumepitia dengi mwaka 2013, na chikungunya iliyoanza mwishoni mwa 2017 ikaendelea hadi 2018. Nani asiyekumbuka watu walivyokuwa wakitembea wameinama, wameshika magoti? Mbu anayeleta maradhi hayo mawili, Aedes, huuma mchana, na hapendi mtaro mchafu. Apenda vyombo vya nyumbani: mitungi, matairi, sahani za chini ya vyungu. Kwa joto letu, kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa ni wiki moja au siku kumi. Tena mayai huyabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji yapande. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi, lazima usugue.

Wengi watakuambia weka samaki. Nilijaribu. Nilitia tilapia wadogo wawili kwenye ndoo iliyopigwa na jua la saa nane mwezi wa Februari. Maji yalikuwa vuguvugu kama ya kuogea mtoto, na kabla ya magharibi samaki walikuwa wameelea na paka watatu wameketi duara wakingoja mgao. Samaki wanafaa kwenye kidimbwi kikubwa chenye kivuli. Kwenye ndoo, sahau.

Njia ninayoipendekeza ni kokoto. Mmea ukishashika, baada ya mwezi hivi, jaza kokoto ndogo juu ya udongo kiasi cha sentimita saba au nane. Kabla ya kujaza, simamisha pembeni kipande cha paipu ya plastiki ya inchi moja na nusu, chenye vitundu upande wa chini, kifike karibu na chini ya ndoo. Mdomo wa juu uufunge kwa kipande cha chandarua na mpira. Kuanzia hapo maji yakae ndani ya kokoto, yasionekane juu. Ukitaka kujua yamebaki kiasi gani, ingiza kijiti cha ufagio paipuni, kitoe, tazama palipolowa. Mbu hana pa kutaga, na mmea hata hautajua kuna kilichobadilika.

Na kijibomba cha AC kielekeze ndani ya kokoto zenyewe, kisidondokee kwenye kibeseni kilicho kando.

Hatua ya 5: maji gani

Maji ya AC ni mvuke wa hewa yetu uliopozwa ukawa matone, basi hayana chumvi. Kwa mfunjo ni kama maji ya mvua. Upungufu wake ni kwamba hayana chakula pia, kwa hiyo mara moja kwa wiki mimi huongeza maji ya kuoshea mchele, na kila baada ya miezi miwili kiganja cha samadi iliyolowekwa ndooni siku nzima. Maji ya kuoshea samaki yana nguvu zaidi, lakini utawaita paka wa mtaa mzima.

Kuhusu paka: wanaupenda mmea huu hata bila samaki. Wanatafuna ncha za majani kama wazee watafunavyo miraa. Ukikaa Mji wa Kale, ambako paka ni wengi kuliko milango, inua mche mchanga juu ya kiti mpaka ukomae. Mbuzi ni balaa lingine, na dawa yake ni lango lenye komeo.

Maji ya kisima ndiyo yanayohitaji akili. Visima vingi vyetu vina maji ya chumvichumvi, na ukame ukizidi ladha inaongezeka. Lowesha ncha ya ulimi, uteme. Ukiisikia chumvi, maji hayo ni ya dharura tu. Mfunjo hautakufa siku hiyo. Utaanza kukauka ncha za majani, rangi ya kahawia ikishuka taratibu kutoka ncha kuelekea katikati, kwa sababu maji hupanda majanini yakageuka mvuke huko na chumvi ikabaki. Mwaka juzi bomba lilikauka kwetu wiki kadhaa, AC nayo ilikuwa imezimwa wenyewe wakiwa safarini, nami nikamwagia ya kisima kila siku. Ndoo moja ilibaki mashina makavu kama vijiti vya ufagio. Mvua zilipokuja niliiacha nje, maji yakafurika na kutokea lile tundu la ubavuni mara nyingi, na kwenye kisiki kikachipua. Kwa hiyo dawa ya chumvi ni kusuuza: mwaga maji matamu mengi mpaka yatoke, mara mbili au tatu.

Jua la asubuhi linatosha. Jua la kutwa mmea hulistahimili kama maji hayakatiki, ila majani yatapauka. Kilicho kibaya zaidi ni upepo unaotoka baharini moja kwa moja, maana hubeba chumvi. Walio mstari wa kwanza Nyali na Shanzu wauweke nyuma ya ukuta.

Hatua ya 6, kwa mwenye ua mkubwa: kitanda cha maji ya bafu

Ukiwa na vichwa vya kutosha unaweza kuufanyisha mmea huu kazi. Maji ya kuoga, yale yanayotiririka nyuma ya nyumba na kufanya tope, yapitishe kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa mifunjo, na yatakayotoka upande wa pili yatakuwa yamepungua uchafu na harufu. Usiamini kwamba mmea peke yake ndio unaosafisha. Kazi kubwa inafanywa na vijidudu wasioonekana wanaoishi kwenye kokoto na mizizini; mfunjo unawaletea hewa, na wenyewe unakula naitrojeni na fosforasi iliyobaki.

Hesabu yake ni hii, na ifanye kabla ya kushika jembe. Jaza ndoo ya lita 20 kokoto kavu hadi mdomoni, kisha pima maji yanayoingia mpaka yajae. Utapata lita saba au nane. Yaani kokoto huacha nafasi ya zaidi kidogo ya theluthi. Kitanda cha mita tatu kwa moja, kina cha nusu mita, ni lita 1,500. Maji yatakayokaa ndani ni lita 500 na kitu. Watu watano wakioga ndoo moja moja ni lita 100 kwa siku. Basi maji yatakaa humo siku tano kabla ya kutoka, na hizo zatosha. Ukipungukiwa nafasi, usishuke chini ya siku tatu.

Chimba, na chini kuwe na mteremko mdogo, sentimita tatu kwa urefu wote huo. Tandika turubai zito lisilo na tundu. Hapa usibane senti: mwamba wetu una mashimo, na maji machafu hupita humo mpaka kisimani kwako au kwa jirani. Maji yaingie kwanza kwenye ndoo ya kutulia, nywele na vipande vya sabuni vibaki hapo, kisha yapite kwa paipu hadi kwenye kokoto. Ndoo hiyo ifunikwe vizuri, na uioshe kila wiki. Ndiyo kazi chafu pekee. Upande wa kutokea weka paipu iliyopinda juu, ili maji yasimame sentimita tano chini ya uso wa kokoto. Panda mche mmoja kila sentimita 30.

Maji ya choo hayaingii humo, kamwe. Maji ya jikoni yana mafuta yanayoziba kokoto, yaache. Jiki na sabuni ya unga kwa wingi huwaua wale vijidudu na kuongeza chumvi, kwa hiyo siku ya kufua mwaga kwingine. Yanayotoka mwishoni mwagia mgomba au mpapai, si mchicha wala kitu kinacholiwa kibichi karibu na ardhi.

Matunzo ya mwaka

Shina moja haliishi sana. Likipiga manjano, likate chini kabisa, usiache kisiki kirefu. Mashina hayo yaliyokauka yanafaa kutandazwa chini ya mimea mingine kuzuia jua.

Kipindi cha kaskazi, hewa ikiwa kavu, angalia upande wa chini wa majani. Ukiona vumbi lenye utando mwembamba, ni utitiri mwekundu. Uoshe kwa maji yenye sabuni kidogo asubuhi tatu mfululizo.

Baada ya mwaka na nusu hivi utasikia ndoo inalia. Ya kwanza kwangu ilipasuka usiku, ufa kutoka juu hadi chini, na mizizi imejibana ndani kama nazi kwenye ganda lake. Usingoje hapo. Mvua za mwaka zikikaribia, pindua ndoo, toa bonge zima, likate mara nne kwa msumeno wa zamani au panga kali. Katikati pakiwa pamezeeka tupa. Vipande vya pembeni ndivyo vyenye nguvu. Kila kipande kina ndoo yake.

Utakachobakisha usikitupe mtaroni wala kwenye kijito. Ule ule wepesi wa kichwa kuota kikigusa maji ndio ulioufanya uwe gugu huko Hawaii na Australia. Vichwa usivyovitaka vianike juani juu ya bati siku tatu mpaka vikatike vikivunjwa, ndipo uvitie kwenye shimo la takataka. Shangazi yangu aliponiona navianika alinyamaza, kisha akasema ana beseni kuukuu lisilo na kazi.